Karatasi Niliyoifuata Macau

Barua zenu nimezisoma. Mmoja ameniandikia kutoka Tanga kwamba mwanaume anayemwacha mkewe hospitalini akaenda kula hotelini hastahili hata kuzikwa na majirani. Ndugu yangu wa Tanga, umeandika mapema mno. Ngoja kwanza usikie nilichokula.

Kwa aliyeingia leo: mimi ni Jaffari, muuza viatu wa Kariakoo, na mkosi huu ulinikuta Guangzhou mwaka 1998. Huo ulikuwa mwezi wetu wa tatu China, mimi na mke wangu Swalha. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, miguu imevimba, presha imepanda, amelazwa. Madaktari walisema Jumatatu watampasua wamtoe mtoto.

Kabla yangu Swalha aliolewa na Ussi, Mzanzibari mmoja wakala wa mizigo pale mtaa wa Xiaobei, Guangzhou. Ussi alimwacha kwa simu akiwa Bangkok, kaka yake Swalha akiwa ametega sikio kwenye simu ileile. Talaka aliitamka, karatasi hakuandika. Eda ikaisha, nikamwoa kwa ushahidi wa huyo kaka. Tangu siku hiyo midomo haikufungwa. Walioniheshimu waliniita mume wa pili, wasioniheshimu waliniita mlinzi wa mke wa Ussi.

Swalha aliitaka ile karatasi kabla ya kujifungua. "Mwanangu asije akazaliwa juu ya maneno ya simu," alisema.

Ussi naye, siku ya Alhamisi, mgahawani, watu wote wakisikia, akanirushia neno. "Karatasi unaitaka? Jumamosi nina safari ya Macau, kwenye hoteli moja ya kamari. Njoo nikulishe chakula cha Wajapani. Ukimaliza utakachowekewa, nakupa bahasha. Au unaogopa?"

Nani angesema anaogopa?

Jumamosi alfajiri nilipita hospitalini.

"Unakwenda wapi mapema hivi?" Swalha aliniuliza, macho kafumba.

"Xintang. Kuna laoban mmoja, bosi wa kiwanda, anauza jinzi kwa bei ya kutupa. Jioni nimerudi."

"Tangu lini sisi tunauza jinzi?"

"Biashara ni kujaribu, mama."

"Jaffari." Akafumbua jicho moja. "Usinichezee leo. Kichwa kinanigonga."

Nikambusu kwenye paji la uso. Nilimdanganya kwa sababu ningetaja jina la Ussi angenikataza, angesema karatasi na ibaki huko iliko. Na mimi sikutaka ibaki. Hapa naungama mbele yenu: kufikia asubuhi ile karatasi haikuwa ya Swalha tena. Nilitaka kumwona Ussi akiitoa mfukoni kwa mkono wake mwenyewe, basi.

Mlangoni alinikamata Agripina, binti wa Bukoba aliyekuwa akisomea udaktari kwa ufadhili. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu na masikio yetu pale hospitalini.

"Shemeji, usichelewe. Hapa mgonjwa haguswi na kisu mpaka mume au ndugu wa damu aweke sahihi. Na huo ugonjwa wake haujui Jumatatu."

"Agripina, Xintang si mwisho wa dunia."

"Mimi nimekwambia."

Alikuwa amenambia.

Safari ya basi kutoka Guangzhou mpaka mpakani Gongbei ilikuwa mwendo wa saa tatu hivi. Ussi nilimkuta ananisubiri, suti ya kijivu, nywele zinang'aa mafuta, bahasha ya khaki imechungulia kwenye mfuko wa koti. Akaipapasa ili niione.

"Mume mwenza! Umekuja kweli?"

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Tumevaa shati moja, wewe umelivaa baada yangu."

Nilijiambia nitamjibu bahasha ikishakuwa mkononi.

Askari wa uhamiaji alifungua pasipoti yangu, akagonga viza kwa kucha, akaniinulia kidole kimoja. Akauliza kitu. Ussi akamjibu kwa Kichina chake cha haraka haraka, askari akaniangalia, akarudia kuuliza. Ussi akacheka, akajibu tena.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama unakwenda kucheza kamari. Nimemwambia huyu hata karata hazijui."

Muhuri ukashuka, nikapita.

Mtasema, Jaffari, hukushtuka? Nishtuke nini? Sisi tuliopanda boti za Unguja miaka ile tumegongewa mihuri mingapi? Nchi moja, rais mmoja, na bado mtu wa bandarini anataka pasipoti yako. Ukirudi Dar hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Basi Macau nikaifanya Unguja. Hata Mreno wa upande wa pili, maana Macau wakati huo ilikuwa bado mikononi mwao, aliponigongea muhuri wake sikujali. Na Unguja si wana wao?

Hoteli yenyewe ilikuwa kubwa kuliko soko la Kariakoo, na ukumbi wa kamari ulikuwa katikati yake. Zulia jekundu, moshi wa sigara, mashine zinalia kama watoto wenye njaa. Hakuna dirisha hata moja. Hakuna saa ukutani.

"Nisubiri hapa kidogo, nina mteja wa kuonana naye," Ussi akasema, akapotea na bahasha yangu.

Nikasimama. Miguu ikachoka, nikakaa kwenye kiti cha mashine. Mwanamke mmoja akaniashiria kwamba kiti ni cha wanaocheza. Nikacheza.

Ndiyo. Mimi niliyekuwa nikiwasema wenzangu msikitini, nilitia sarafu, nikavuta mkono wa ile mashine, nikatia nyingine. Ilikula, ikatema, ikala tena. Sijui nilikaa pale muda gani, na ndio maana hawaweki saa. Ussi aliporudi alinikuta nimekunja mikono ya shati.

"Mashallah," akasema. "Na wewe ndiye uliyenichukulia mke kwa sababu mimi mcheza kamari."

Neno hilo liliniuma kuliko yote ya asubuhi ile.

Mgahawa wa Wajapani ulikuwa ghorofani. Tulikaa mbele ya meza ndefu ya ubao mweupe, na nyuma yake mzee mmoja mwenye kilemba cha kitambaa alikuwa akikata samaki kwa kisu chembamba. Samaki mwenyewe mbichi. Bibi yangu Kigamboni, samaki wa namna hiyo alikuwa akimtupia paka.

"Utaratibu wa hapa," Ussi akaniambia, "mpishi anakuwekea kimoja kimoja. Akikuwekea unakula. Kuacha ni kumtukana."

"Kama kwetu."

"Kama kwetu. Ndio maana nimekuleta hapa, nilijua huwezi kukataa cha mwenyeji."

"Pombe haimo?"

"Wali wameutia siki na sukari tu, nimekuulizia. Unaniona mimi kafiri?"

Kikaja cha kwanza: kitonge cha wali, juu yake kipande cha samaki chekundu kama ulimi. Ussi akachukua vijiti, akakiinua kwa maringo. Mimi vijiti sikuviweza. Nikapiga bismillahi, nikakichukua kwa mkono wa kulia, nikakitia mdomoni.

Ussi akaangua kicheko. "Tazama! Yuko kwenye sinia la hitima!"

Mpishi akaacha kukata. Akaniinamia kichwa, akasema neno kwa mhudumu, mhudumu akamfasiria Ussi kwa Kichina. Kicheko kikakatika.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Hakusema kitu."

"Ussi, anasemaje?"

"Anasema kwao wanaojua kula chakula hiki hukila kwa mkono." Akaviweka vijiti chini kama vimemchoma.

Huo ndio ushindi pekee nilioupata siku ile, na sikukaa nao sana. Ussi alinisukumia donge la kijani pembeni ya sahani. "Chatne hii. Mla pilipili wewe, onja." Nikalichota lote. Ewe ndugu wa Tanga, ile si chatne. Ilipanda puani ikatoka machoni, nikashika ubao wa watu kwa mikono miwili.

"Usilie, mume mwenza. Mimi nilipoachwa sikulia."

"Hukuachwa!" nilisema machozi yakinitoka. "Wewe ndiye uliyeacha."

"Niliacha kwa hasira. Wewe ukachukua kwa furaha. Nani mbaya?"

"Ulikuwa na miezi mitatu ya kumrejea. Simu ilikuwa mkononi mwako."

Hapo Ussi hakucheka. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mtu huyu alikuwa ananichukia kweli, si kwa mzaha wa mgahawani. Nami nilimchukia vilevile. Tukaendelea kula.

Nilikula kumi na viwili. Cha mwisho kilikuwa pweza, na pweza tunajuana tangu utoto. Nikajipangusa mkono, nikautandaza mbele yake.

"Bahasha."

Akanipa. Nikaifungua mbele ya mpishi, mbele ya mhudumu, mbele ya Mungu. Ndani kulikuwa na cheti kimoja, kimekunjwa mara mbili, muhuri wa kadhi umekolea. Cheti cha ndoa. Ussi na Swalha, mwaka 1994.

"Hii nini?"

"Bahasha. Nilikwambia nakupa bahasha, nimekupa."

"Uliniahidi talaka!"

"Talaka nimeshaitamka, si kaka yake ndiye shahidi wako? Kuandika sikuahidi. Na sitaandika, Jaffari. Mpaka mtoto wako aote ndevu."

Nikamkaba kola. Sahani ikaanguka. Walinzi wawili wakaja wakanishika mabega, na katika kusukumana mkono wa Ussi ukapita mbele ya macho yangu, na saa yake.

Saa tisa alasiri.

Nilidhani ni saa sita. Nilitoka pale mbio na kile cheti kimekunjamana mkononi, nikashuka ngazi kutafuta simu. Nilitaka kumpigia Swalha nimwambie nachelewa, jinzi ni nyingi, laoban ana maneno mengi. Uongo wenyewe nilikuwa nimeshaupanga.

Simu ya wodini alipokea Agripina.

"Shemeji, uko wapi wewe? Tangu saa sita nakutafuta! Nimempigia kila Mswahili ninayemjua anayekwenda Xintang!"

"Niko njiani. Kuna nini?"

"Presha imepanda. Anasema haoni vizuri, ukuta mmoja anauona kama kuta mbili. Wanataka kumpasua leo. Karatasi iko mezani haina sahihi."

"Isaini wewe!"

"Mimi nani wake? Nimewabembeleza, nimewalilia. Wanataka mume, asimame hapa, na hati yake mkononi. Faksi hawaitaki. Wanamtuliza kwa dawa, lakini daktari amesema dawa haitamvusha usiku. Ikipita saa mbili usiku hajui atamwokoa nani, mama au mtoto."

"Nipe niseme naye."

Nikasikia simu ikiburutwa. Kisha sauti yake, ndogo, nzito ya dawa.

"Jaffari. Jinzi umezipata?"

Mdomo mzima ulikuwa na ladha ya samaki mbichi.

"Nimezipata."

"Basi njoo."

Mpakani nilifika saa kumi kasoro. Ussi alikuwa nyuma yangu, sijui kwa nini alinifuata, na kwa mara ya kwanza sikumjali. Nilipita kwa Mreno, nikavuka eneo la katikati, nikasimama mbele ya askari wa kike wa Kichina. Akafungua pasipoti. Akatazama viza. Akatikisa kichwa.

"Meiyou."

Neno hilo nalijua. Ndilo wanaloniambia kwenye soko la Zhanxi kila siku nikiulizia mzigo ambao hawana.

"Mke wangu mgonjwa," nikasema kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa mikono. "Hospitali. Guangzhou. Mtoto!"

"Bu xing." Na hilo nalijua pia. Ndilo wanaloniambia nikiomba bei ishuke. Haiwezekani. Akaniinulia kidole kimoja, kama yule wa asubuhi, akanirudishia pasipoti, akamwita anayefuata.

"Hicho kidole kina maana gani?" nikamgeukia Ussi. "Ussi, kina maana gani?"

"Viza yako ni ya kuingia mara moja. Uliingia, umetoka. Imekwisha. Ofisi ya kuomba nyingine inafunguliwa Jumatatu."

"Asubuhi yule askari alikuwa anakuuliza hilo?"

"Alikuwa anauliza kama unajua kwamba ukitoka hurudi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu unajua."

Ningemuua. Wallahi, pale pale, mbele ya askari na bunduki zao. Kilichonizuia ni pasipoti yake. Aliishika kifuani imefunguka, na viza yake ilikuwa ya kuingia na kutoka atakavyo. Yeye angeweza kufika Guangzhou kabla ya saa mbili. Mimi sikuweza.

Nikatazama mkono wangu mwingine. Kile cheti bado nilikuwa nacho. Jina la Swalha, picha ya Swalha, muhuri. Na jina la mume.

Wazo lilinijia kabla sijalitaka.

"Ussi. Swalha yuko taabani." Nikamweleza yote, ya presha, ya sahihi, ya saa mbili. Rangi ilimtoka usoni. Nataka mjue hilo, kwa sababu nimeamua kusema kweli: rangi ilimtoka.

"Hukuniambia anaumwa hivyo," akasema.

"Ningekwambia ungefurahi."

"Huko tumefika?"

"Chukua cheti chako. Nenda ukaweke sahihi. Sema wewe ndiye mumewe. Kwa wale madaktari wewe na mimi sura moja."

Alikipokea, akakisoma kama hajawahi kukiona. Watu walitupita na mifuko yao. Kisha akavuta pumzi, na alipoongea uso wake ulikuwa umefunga tena.

"Siwezi kwenda kusema mimi ni mume wa mke wa mtu. Ni uongo, na ni dhambi."

"Ussi, leo ndio umeikumbuka dhambi?"

"Mwandikie talaka. Hapa. Nikiingia mle ndani niwe namwekea sahihi mwanamke asiye na mume mwingine."

"Una wazimu."

"Saa kumi na dakika tano, Jaffari. Basi ni mwendo wa saa tatu."

Nikamwangalia usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alitoa mfukoni ile bahasha tupu niliyoiacha mezani, akaigeuza, akanipa na kalamu.

"Tatu siandiki," nikasema. "Hata ukinichinja."

"Sitaki tatu. Moja inanitosha."

Hapo, ndugu zangu, moyo wangu uliruka kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo ninayoionea aibu mpaka leo. Moja! Talaka moja ina rejea. Mume anatamka tu kwamba nimekurejea, eda haijaisha, wala nikahi mpya haitakiwi. Nikajisemea: mjinga huyu amekosea hesabu yake. Aende, asaini, amwokoe mke wangu. Jumatatu nitapata viza, nitasimama kitandani kwa Swalha, nitamrejea mbele ya Agripina, na Ussi abaki na bahasha yake. Nilijiona mwerevu. Tangu asubuhi alikuwa ananichezea, na sasa mimi ndiye namchezea.

Nikaandika haraka, bahasha nimeiegemeza ukutani. Mimi Jaffari, mwenye akili zangu, nimemwacha mke wangu Swalha talaka moja. Nikatia sahihi na tarehe. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kabisa.

Ussi alisoma mara mbili, akapuliza wino, akaiweka bahasha kwenye mfuko wa koti, palepale ilipokuwa asubuhi. Akapita kwa yule askari wa kike. Muhuri mmoja, akawa upande wa pili wa kizuizi. Akageuka.

"Jaffari! Madrasa ulisoma wapi?"

"Nenda! Utachelewa!"

"Wapi?"

"Buguruni! Miaka saba! Nenda!"

"Walikufundisha eda ya mwanamke mwenye mimba huisha lini?"

Hakungoja jibu. Nilimwona akikimbia, koti linapepea, anakimbia kweli kuwahi basi, mpaka watu wakamfunika.

Tulifundishwa. Maalim alitukaririsha kwa bakora, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitikia kwa sauti kuliko wote. Huisha akijifungua, hata kama ni usiku uleule, na eda ikiisha hakuna rejea. Ningetamka palepale kwamba nimemrejea, lakini nani angenishuhudia, na Ussi ana karatasi?

Saa ya ukutani pale mpakani ilionyesha saa kumi na robo. Nikakaa sakafuni, nikafungua mikono yangu inayonuka samaki, nikaanza kumwomba Mungu mke wangu ajifungue salama kabla ya saa mbili.